Intaneti ya dukani: Mfanyabiashara asilipie jina

Ofisa mauzo wa kampuni ya intaneti anapoingia katika duka la vipuri Kariakoo au duka la simu Luthuli Avenue, Nairobi, huwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ni ya kifurushi cha nyumbani, ya pili ni ya kifurushi cha biashara. Waya ni ule ule, kisanduku cha ukutani ni kile kile, na mara nyingi hata kasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ile ile. Kinachopanda ni bei, wakati mwingine mara mbili, wakati mwingine zaidi. Mwenye duka hukuna kichwa, kisha huamua kwa moja ya sababu mbili: ama achukue cha nyumbani kwa kuwa ni rahisi, ama achukue cha biashara kwa kuwa yeye ni mfanyabiashara. Sababu zote mbili ni dhaifu.

Ankara ya intaneti sasa inakaa safu moja na pango, umeme na mishahara. Nchini Kenya, tangu Januari 2024, matumizi ya biashara yasiyo na ankara ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato hayapunguzwi katika hesabu za kodi, isipokuwa machache yaliyosamehewa. Nchini Tanzania, ambako mashine za EFD zilianza kutumika mwaka 2010, wapo wafanyabiashara wanaotoa stakabadhi kwa programu ya kompyuta au simu. Malipo yanapita katika simu, oda za mzigo zinapita katika simu, na bei ya hisa inatazamwa katika simu. Mtandao ukikatika saa nne asubuhi, mteja hasubiri, anavuka barabara.

Kwa hiyo swali la kifurushi gani kinunuliwe ni swali la fedha. Jibu lake, kwa wenye maduka wengi wadogo, si lile linalotolewa na ofisa mauzo. Kifurushi cha biashara kina thamani pale tu kinapoleta ahadi ya matengenezo iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Pasipo ahadi hiyo, kinachouzwa ni kifurushi cha nyumbani kilichovaa tai.

Tofauti hizi zina historia fupi katika ukanda huu. Kabla ya mwaka 2009 intaneti nyingi ya Afrika Mashariki ilipita katika satelaiti, kwa bei ambayo benki na mashirika makubwa tu ndiyo yaliimudu bila kulalamika. Mwaka huo mikongo ya baharini ya SEACOM na TEAMS ilifika pwani, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Baada ya hapo kampuni zikaanza kupeleka nyaya za faiba mitaani, na ndipo zilipolazimika kuwagawa wateja wao katika makundi mawili: wanaotazama filamu jioni na wanaouza mchana.

Tofauti ya kwanza ni ya kugawana. Faiba inayofika nyumbani au dukani si ya mtu mmoja. Katika teknolojia ya GPON, ambayo imeenea sana, waya mmoja kutoka kituoni hubeba takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde kwenda kwa wateja na gigabiti 1.25 kurudi, kisha hugawanywa kwa wateja 32 au hata 64. Si kosa la kampuni. Ndivyo huduma inavyokuwa rahisi. Kosa ni kuficha idadi ya wanaogawana. Uingereza, katika zama za ADSL mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya BT ilitaja uwiano wake waziwazi: watu 50 kwa nafasi moja katika huduma ya nyumbani, 20 kwa nafasi moja katika huduma ya ofisini. Mnunuzi alijua analipia nini. Katika matangazo mengi ya hapa kwetu namba ya namna hiyo haionekani, na ofisa mauzo akiulizwa hujibu kwa kutaja kasi.

Hata huduma ya satelaiti za kisasa haikwepi hesabu hii. Starlink ilianza Kenya mwezi Julai 2023. Mwishoni mwa 2024 ilisimamisha wateja wapya Nairobi na maeneo jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa, na ikafungua tena mwaka uliofuata. Anga nayo ina foleni.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji kwa sababu haliwasaidii. Msongamano wa mitandao ya majumbani huwa mkubwa usiku, watu wanaporudi kazini na watoto wakimaliza kazi za shule. Duka la nguo lililo katika mtaa wa makazi, Sinza au Buruburu, hufanya kazi wakati ambao majirani hawapo. Mwenye duka hilo anayetumia kifurushi cha nyumbani anaweza asiuone msongamano huo miaka yote. Aliye katika jengo la ghorofa lililojaa maduka na ofisi mambo ni tofauti, kwani majirani wake wote wanataka mtandao saa ile ile anayoutaka yeye. Kwanza basi atazamwe jirani, ndipo isomwe karatasi.

Tofauti ya pili ni kasi ya kupeleka. Vifurushi vingi vya nyumbani duniani vimepangwa kwa ajili ya kupokea, kwani mtazamaji wa filamu hana cha kupeleka. Vya biashara, vilivyo bora, hutoa kasi sawa pande zote mbili. Kwa duka la kawaida jambo hili halina uzito. Kwa mwenye ghala aliyefunga kamera 4 zinazopeleka picha nje ya jengo, kila moja ikitumia megabiti 2 kwa sekunde, tayari megabiti 8 zimekwisha kabla hajatuma barua pepe moja. Mpigapicha wa harusi anayetaka kupeleka faili la gigabaiti 4 kwa mteja atatumia kama dakika 53 katika njia ya megabiti 10, na karibu saa nne na nusu katika njia ya megabiti 2. Inafaa kukumbuka kwamba kampuni huuza kwa megabiti ilhali faili hupimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Wengi wamelaumu mtandao kwa hesabu ambayo hawakuifanya.

Tofauti ya tatu ni anwani. Anwani za intaneti za mfumo wa zamani ni takriban bilioni 4.3, na hazina kuu ya dunia ilitoa za mwisho kwa kanda mwezi Februari 2011. Tangu hapo kampuni nyingi huwaweka wateja wa nyumbani wengi nyuma ya anwani moja, kama wapangaji wanaotumia sanduku moja la posta. Mteja wa biashara huweza kupewa anwani yake ya kudumu. Anayeihitaji ni yule anayetaka kuingia katika kompyuta ya dukani akiwa safarini, kuunganisha matawi mawili, au ambaye benki yake inataka maombi yatoke katika anwani inayojulikana. Asiye na mahitaji hayo asiilipie, na anayeihitaji aulize kama anaweza kuinunua peke yake bila kubadili kifurushi chote.

Yaliyobaki ni matengenezo, na hapa ndipo fedha zilipo.

Mstari ukikatika, mteja wa nyumbani hupiga simu, hupewa namba ya malalamiko, na hungoja. Mteja wa biashara hulipia kuwekwa mbele katika foleni ya fundi. Hiyo ndiyo bidhaa. Mengine yote ni pambo. Sasa mfanyabiashara auchukue mkataba na atafute mambo matatu: saa ngapi tangu kutoa taarifa hadi fundi kufika, saa ngapi hadi huduma kurejea, na je, saa hizo zinahesabiwa usiku, Jumamosi na Jumapili? Mkataba unaosema kampuni "itajitahidi kadiri iwezekanavyo" haujasema kitu. Ahadi ya saa nane ambazo ni saa za kazi ina maana kwamba waya uliokatika Ijumaa jioni utashughulikiwa Jumatatu, na kwa mwenye duka la Kariakoo Jumamosi ndiyo siku yenyewe.

Mikataba hupenda pia kutumia asilimia. Asilimia 99 inasikika kama alama ya mwanafunzi bora. Kwa mwaka mzima wenye saa 8,760, asilimia 1 iliyobaki ni saa 87 na dakika 36, yaani zaidi ya siku tatu na nusu za giza ambazo kampuni inaruhusiwa bila kuvunja ahadi. Asilimia 99.5 huacha karibu saa 44. Asilimia 99.9 huacha saa 8 na dakika 45. Tofauti ya alama moja baada ya nukta ni tofauti ya siku nzima za biashara, na mwenye duka anayesaini bila kuipiga hesabu amenunua gunia bila kulifungua.

Halafu kuna fidia. Wengi huamini kwamba kampuni ikishindwa italipa mauzo yaliyopotea. Hailipi. Kinachotolewa kwa kawaida ni punguzo katika ankara ya mwezi, kwa uwiano wa saa zilizopotea. Kwa kifurushi cha Sh 200,000 kwa mwezi wenye saa 720, saa 6 za giza zina thamani ya Sh 1,667. Zinatosha chai na chapati. Tena punguzo hilo mara nyingi halitolewi mpaka mteja alidai kwa maandishi, na haligusi kukatika kunakotokana na umeme au vifaa vya mteja mwenyewe.

Mtu anaweza kudhani kwamba mdhibiti humlinda zaidi anayelipa zaidi. Si lazima iwe hivyo. Nchini Uingereza, mpango wa fidia ya moja kwa moja ulioanza Aprili 2019 chini ya Ofcom uliwalenga wateja wa nyumbani: kampuni zilizojiunga zilianza kwa kulipa pauni 8 kwa kila siku baada ya siku mbili kamili za kazi kupita bila matengenezo. Mteja wa biashara aliachiwa mkataba wake. Fikra ilikuwa kwamba mfanyabiashara ni mtu mzima, anajua kusoma na kubishana bei. Mamlaka za hapa, TCRA nchini Tanzania na CA nchini Kenya, hupokea malalamiko ya pande zote, lakini zitauliza jambo lile lile: mkataba unasemaje?

Ili kuona kama bei ya juu inalipa, ichukuliwe hesabu ya mfano. Duka la jumla lina faida ghafi ya Sh 30,000 kwa saa na hufunguliwa saa 10 kwa siku. Theluthi moja ya mauzo yake hutegemea intaneti. Yaliyobaki ni fedha taslimu mkononi. Kifurushi cha nyumbani ni Sh 70,000 kwa mwezi, cha biashara Sh 200,000. Tofauti ni Sh 130,000. Waya ukikatika, wa nyumbani hurudi baada ya siku mbili, yaani saa 20 za kazi, na wa biashara hurudi baada ya saa 6. Kifurushi cha biashara kimeokoa saa 14, sawa na Sh 420,000 za faida, na theluthi yake ni Sh 140,000.

Kama waya hukatika kila mwezi, mwenye duka amefaidi Sh 10,000. Kama hukatika mara moja katika miezi mitatu, amelipa Sh 390,000 za ziada ili kuokoa Sh 140,000, na amepoteza robo milioni akijiona ni mtu makini. Ni pale mauzo yote yanapotegemea mtandao ndipo mizani inapokaribia kusawazika: Sh 420,000 kwa Sh 390,000. Kila mwenye duka ana namba zake, na anaweza kuzipanga nyuma ya daftari kwa dakika tano. Tatizo ni kwamba wachache hujua faida yao ya saa moja. Hilo ni tatizo kubwa kuliko intaneti.

Wapo ambao hesabu yao haina ubishi. Wakala wa forodha mwenye kontena bandarini anafanya kazi katika mifumo ya mtandaoni, na nyaraka ikichelewa kupita siku, gharama za kuhifadhi mzigo huanza kutembea, tena kwa kontena la mteja ambaye hatasikiliza habari za waya. Dalali wa hisa aliyepokea amri ya kuuza hawezi kumwambia mteja arudi kesho bei ikiwa imeshuka. Duka la kubadilisha fedha, maabara inayotuma majibu, wakala wa tiketi za ndege, hawa wote walipie foleni ya mbele, na wasisaini mpaka saa za matengenezo ziandikwe.

Kwa aliyebaki, yaani wengi, shilingi ya ziada hufanya kazi zaidi katika njia ya pili kuliko katika kifurushi cha gharama. Faiba ya bei nafuu, na pembeni yake ruta ya laini ya simu ya kampuni nyingine yenye kifurushi kidogo. Waya ukilala, mashine ya malipo na simu za oda huhamia katika laini. Picha za kamera zitasubiri. Hata hivyo njia mbili ziwe mbili kweli. Kampuni mbili za faiba zinaweza kupita katika nguzo zile zile au mtaro ule ule wa barabara, na koleo moja la mkandarasi likazikata zote kwa pigo moja.

Ipo mikatiko ambayo kifurushi chochote cha dukani hakiizuii. Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini karibu na pwani ya Afrika Kusini, na mtandao ukayumba Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku ile jina la kifurushi halikumsaidia mtu. Waliopata nafuu mapema ni wateja wa kampuni zilizokuwa na nafasi katika mikongo mingine. Kwa hiyo swali la kumuuliza ofisa mauzo, kabla ya swali la kasi, ni hili: kampuni yake hutoka nchini kwa njia ngapi? Asiyejua aende akaulize ofisini arudi.

Umeme nao unastahili neno. Faiba yenyewe haihitaji umeme barabarani katika mfumo wa GPON, lakini kisanduku na ruta ya dukani vinauhitaji. TANESCO au Kenya Power wakikata, mteja wa biashara na wa nyumbani hulala pamoja. Betri ndogo ya kuendesha ruta kwa saa chache ni rahisi kuliko tofauti ya mwezi mmoja ya vifurushi katika mfano wa hapo juu, na inashangaza ni maduka mangapi yamelipia kasi ya gigabiti lakini hayana betri hiyo.

Hata hivyo anayetumia kifurushi cha nyumbani dukani asome sharti moja dogo. Mikataba mingi ya nyumbani husema huduma ni kwa matumizi ya nyumba tu na haiuzwi tena. Mwenye duka anayeishi ghorofa ya juu na kuteremsha waya dirishani hadi chini, hapana shaka, ataachwa na kampuni miaka mingi. Anayewagawia majirani watano na kukusanya fedha kila mwisho wa mwezi amejiweka pabaya: siku kampuni itakapoamua kumkata hatakuwa na pa kudai, na majirani watamdai yeye. Kuna pia kiwango cha matumizi ya haki, ambacho kikipitwa kasi hupunguzwa hadi mwezi ukiisha. Kampuni huita kifurushi hicho kisicho na kikomo. Kikomo kipo, kimeandikwa ukurasa wa nyuma.

Kampuni zingefanya vyema kuchapisha katika tangazo lenyewe namba tatu: wanaogawana ni wangapi, fundi hufika baada ya saa ngapi, na fidia ni kiasi gani. Zitasema kwamba mteja wa kawaida hazielewi namba hizo. Mfanyabiashara anayejua bei ya kontena kutoka Guangzhou mpaka Dar es Salaam kwa dola na kwa shilingi hashindwi kuelewa saa sita.

Jambo hili linawagusa pia wenye hisa. Safaricom iko katika Soko la Hisa la Nairobi tangu mwaka 2008, ilipouzwa kwa Sh 5 kwa hisa, na Vodacom Tanzania iko katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2017, kwa Sh 850. Kwa kampuni yoyote inayouza faiba, mteja wa nyumbani ni wa wingi: hulipa kidogo, huhama nyumba, huacha kulipa likizo ya Desemba. Mteja wa biashara ni mmoja mmoja, hulipa zaidi, na akiridhika hakai akifikiria kuhama. Ndiyo maana kila kampuni inamtaka. Lakini kumhudumia kunahitaji mafundi wa zamu, magari, vipuri na njia za akiba, na gharama hizo huonekana katika vitabu. Kampuni inayoongeza mapato ya wateja wa biashara bila kuongeza mafundi imeuza majina. Mapato yake yataonekana katika taarifa ya mwaka huu, na wateja wataondoka mikataba ya miezi 12 au 24 itakapokwisha. Mwenye hisa anayehudhuria mkutano mkuu, baada ya kusikia idadi ya nyumba zilizofikiwa na faiba, ana haki ya kusimama na kuuliza wateja wa biashara wangapi walihuisha mikataba yao, na mafundi wangapi wapo zamu usiku wa Jumamosi.